Karatasi, Clean Swell au Marine Debris Tracker: ipi inaifaa kamati ya kusafisha ufuo?

Kwa kamati ya watu kumi hadi thelathini wanaorudi kwenye ufuo uleule kila mwezi, fomu ya karatasi na penseli bado ndiyo zana bora ya kuhesabia taka. Marine Debris Tracker, programu ya simu, inashika nafasi ya pili, na kwa kazi moja mahususi inaizidi karatasi. Clean Swell, nayo programu ya simu, ni nzuri siku ya umati na kwa mtu anayetembea peke yake, ila haifai kuachiwa kumbukumbu yote ya kamati. Huo ndio uamuzi wetu. Sababu zake hazionekani ukizijaribu zana hizi ofisini. Zinaonekana mchanga ukiwa umelowa, glavu zikiwa mkononi na jua likiwa la utosi.

Kwanza, kwa nini kuhesabu. Kamati nyingi huripoti magunia na kilo. Gunia si kipimo: moja limejaa chupa zisizopondwa, jingine lina wavu mmoja uliobeba mchanga. Kilo nazo hupotosha. Kipisi kikavu cha sigara hakifiki nusu gramu, kwa hiyo vipisi 2,000 havifikishi kilo moja, ilhali tairi moja lililojaa mchanga hupita hapo mara nyingi. Ukiandika kilo peke yake, tairi limetawala ripoti na vipisi havionekani, na kichungi cha kipisi ni plastiki, aina ya asetati ya selulosi, ambayo haiozi upesi kama wengi wanavyodhani. Hesabu ya kitu kimoja kimoja ndiyo inayofika mbali. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria yake ya mwaka 2019 juu ya plastiki za kutumika mara moja, ulichagua vitu vya kubanwa kwa kutazama vile vilivyohesabiwa kwa wingi fukweni. Vizibo vilikuwamo, na tangu Julai 2024 chupa ya plastiki ya kinywaji isiyozidi lita 3 inayouzwa huko lazima kizibo chake kibaki kimeshikana nayo. Wahesabuji wangeandika "plastiki mchanganyiko, magunia 12", asingekuwapo mtu wa kujua kwamba kizibo kinasafiri kivyake.

Tuanze na karatasi. Tunayoizungumzia ni fomu ya Ocean Conservancy, shirika la Marekani linaloratibu International Coastal Cleanup, usafi wa fukwe wa kimataifa wa kila mwaka. Usafi huo ulianza Texas mwaka 1986, pale Linda Maraniss na Kathy O'Hara walipowakusanya watu wapatao 2,800 na kuwataka waandike kila walichookota. Kwa miaka mingi fomu hizo ziliviweka vipisi vya sigara kileleni duniani. Usafi wa mwaka 2019 ndio wa kwanza ambapo vifungashio vya vyakula vilivipita. Mabadiliko ya namna hiyo huonekana kwa sababu moja tu: vitu viliitwa kwa majina yaleyale mwaka baada ya mwaka.

Fomu imepangwa kwa mafungu. Juu vimo vitu vinavyopatikana mara nyingi: vipisi, vifungashio, mirija, vijiko na uma, vizibo vya plastiki mbali na vya chuma, chupa za plastiki, za kioo, makopo, mifuko, vikombe. Kisha zana za uvuvi, vifungashio vya bidhaa nyingine, vitu vya usafi wa mwili, vitu vikubwa kama matairi na vyombo vya nyumbani, na mwisho vipande vidogo visivyofikia sentimita 2.5. Ipo pia nafasi ya kuandika wanyama waliokufa au walionaswa, na nafasi ya vitu vinavyolihusu eneo lenu hasa. Hiyo ya mwisho itumieni. Kama ufuo wenu hupokea mabaki ya maboya au mifuko ya mbolea, wekeni mstari wake tangu mwanzo, msisubiri vitu hivyo vitupwe kwenye kapu la "vinginevyo".

Masharti mawili ya fomu hii ndiyo yanayoipa thamani. La kwanza ni kwamba namba pekee ndizo zinazokubalika. Neno "nyingi" halijumlishiki, wala alama ya vema. La pili ni la kamba na mshipi wa kuvulia samaki: mita moja ni kipande kimoja. Bila sharti hilo, kundi moja litaandika kamba ya mita 30 kama kitu kimoja na jingine litaikata mara kumi na kuandika kumi.

Kinachokosekana kwenye fomu, na kamati lazima ijiwekee, ni kanuni ya vitu vilivyovunjika. Tunapendekeza hii: kikitambulika kilikuwa nini na zaidi ya nusu yake ipo, kihesabiwe kwa jina lake, vinginevyo ni kipande. Chupa yenye kizibo chake ni chupa moja, na kizibo kilichotengana huhesabiwa peke yake. Chupa ya kioo iliyopasuka papo hapo ni chupa moja hata ikiwa vigae vyake ni ishirini. Andikeni kanuni hizi nyuma ya kila fomu. Kanuni iliyo kichwani mwa mwenyekiti haimsaidii mtu aliye mita 80 mbali naye.

Namna ya kuitumia: kundi la watu wanne, watatu wanaokota na kutaja kwa sauti, mmoja anaandika vistari vya tano tano. Mwandishi haokoti. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa kuwa mwandishi mwenye bidii huona aibu kusimama tu, huinama kuokota, na vitu vitatu vilivyotajwa wakati huo haviandikwi. Waokotaji nao wasimwache nyuma zaidi ya hatua chache, maana mawimbi humeza sauti. Penseli ni lazima, kwa kuwa wino wa kalamu hutoka kwenye karatasi yenye unyevu. Karatasi ibanwe kwenye ubao mgumu, na pembe ya chini ifungwe kwa mpira ili upepo usiipindue. Kabla ya kuondoka, jumla iandikwe kwa tarakimu kwenye kisanduku chake na mwandishi mwenyewe, kwa sababu vistari vilivyolowa havisomeki siku ya pili.

Ipo njia nyingine ya kutumia karatasi hiyohiyo, nayo ni kuokota kwanza, kisha kumwaga yote juu ya turubai, kuchambua na kuhesabu. Ni sahihi zaidi, hasa kwa vizibo na vipande, kwa sababu macho manne hutazama kitu kimoja. Hasara yake ni muda: kuchambua huweza kuchukua muda uleule wa kuokota, na watu wa kujitolea huanza kuondoka. Upepo nao huchukua stairofomu na mifuko myepesi, kwa hiyo turubai liwekwe nyuma ya kizuizi na pembe zake zilemewe na mawe. Kwa usafi wa kawaida, hesabuni mkiokota. Kwa ule wa kupima, mnaoulinganisha mwaka hadi mwaka, tumieni turubai.

Clean Swell ni programu ya simu ya bure ya Ocean Conservancy, ya Android na iPhone. Unaanzisha usafi, unagusa picha ya kitu kila unapokiokota, programu inafuata njia uliyopita, na mwisho unaingiza uzito. Takwimu huenda kwenye hazina ya dunia nzima ya shirika hilo. Majina ya vitu yanafuata mpangilio wa fomu ya karatasi, jambo ambalo ni faida kubwa: anayejua moja anajua nyingine. Mtu mgeni hufundishika kwa dakika chache, na watoto wakubwa huipenda.

Kasoro yake ya kwanza ni ya mkono. Skrini haisikii glavu nene, na kidole kilicholowa maji ya chumvi hugusa pasipokusudiwa. Mtu huvua glavu ya mkono mmoja ili aguse simu, kisha husahau na kuokota kwa mkono mtupu. Suluhisho ni lilelile la karatasi: mshika simu haokoti. Ya pili ni ya umbali. Programu hupima njia ya miguu, na muokotaji hatembei mstari ulionyooka; huenda majini, hurudi kwenye majani, huzunguka jiwe. Ufuo wa mita 100 utasomeka kuwa mrefu zaidi ya hapo. Watu watano wakiwasha programu kila mmoja, umbali wa njia tano hujumlishwa ilhali ufuo ni mmoja, na hatari kubwa zaidi ni chupa moja kuguswa katika simu mbili. Siku ya umati, kila kundi liwe na simu moja, idadi ya watu wa kundi iingizwe humo, na urefu halisi wa ufuo uandikwe pembeni kwa kipimo cha utepe.

Ya tatu ndiyo inayotufanya tuishushe daraja kwa kamati za kudumu. Clean Swell hukupa jumla ya usafi mzima, wala haikuambii kilikuwa wapi. Vizibo 400 vilivyorundikana kwenye mdomo wa mfereji na vizibo 400 vilivyotawanyika ufuo mzima ni matatizo mawili tofauti. La kwanza huishia kwenye wavu wa kuziba mfereji na barua kwa wanaohusika, la pili halina mlango mmoja wa kubisha. Katika jumla, yanafanana kabisa.

Hapo ndipo Marine Debris Tracker inapopata sifa yake. Ilianzishwa mwaka 2010 kwa ushirikiano wa idara ya Marekani ya taka za baharini, iliyo chini ya NOAA, shirika la serikali ya nchi hiyo la bahari na anga, na Chuo Kikuu cha Georgia, ambako Jenna Jambeck alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kila unachoandika hubeba mahali na saa yake, na takwimu zake zinaweza kupakuliwa na yeyote na kufunguliwa kama jedwali la kompyuta. Hufanya kazi pasipo intaneti, jambo lisilo dogo, kwa sababu fukwe nyingi zenye taka zilizoletwa na mikondo ziko mbali na minara ya simu.

GPS ya simu chini ya anga wazi hukosea kwa takriban mita 5. Kwa hiyo usitegemee ikueleze kama kitu kilikuwa juu au chini ya mstari wa maji. Inatosha kabisa kutenganisha mdomo wa mto na mahali pa kupumzikia watu. Tunaitumaini hasa kwa vitu vichache na vikubwa: nyavu zilizotelekezwa, maboya, mapipa, matairi, mafungu ya sindano. Kwa vipisi na vipande vidogo ni nzito. Unaweza kuingiza idadi kwa mkupuo, lakini ukifanya hivyo alama ya mahali inakuwa ya pale uliposimama mwisho, na ule ubora wake umeupoteza. Jambo moja lisilosemwa vya kutosha: programu ina orodha nyingi za vitu zilizotengenezwa na mashirika mbalimbali. Wanakamati watatu wakichagua orodha tatu, majina hayataoana na jumla haitapatikana. Chagueni orodha moja kwa kura kama ikibidi, na mwenye zamu aihakiki kwenye kila simu kabla ya hatua ya kwanza.

Ubora wa zana zote tatu hutegemea kitu kisicho zana: kipande cha ufuo kinachorudiwa. Mwongozo wa OSPAR, mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini mashariki, unataka mita 100 zilezile, mara nne kwa mwaka, kuanzia ukingo wa maji hadi nyuma ya ufuo. Kwa kamati ndogo hilo linawezekana. Tafuteni alama mbili zisizohama, kama mwamba au nguzo ya zege, kwa sababu mti huanguka na kigingi hung'olewa. Pimeni mita 100 kwa utepe na muandike nukta za GPS za ncha zote mbili. Sehemu nyingine ya ufuo safisheni mpendavyo, lakini namba za mita 100 zisichanganywe na za kwingine hata siku moja.

Maji nayo yana neno lake. Anzeni yakiwa yanakupwa, saa mbili hivi kabla ya kupwa kabisa, ili muwe mnafuata maji yanayoondoka na si kukimbizwa na yanayokuja. Hesabu iliyofanywa siku za bamvua isilinganishwe na ya siku za maji mafu, kwa kuwa bamvua hupanda hadi juu na kuzoa au kuacha taka mahali ambapo maji mafu hayafiki. Baada ya dhoruba, andikeni kwenye fomu kwamba kulikuwa na dhoruba. Namba itakuwa kubwa na mwaka ujao hakuna atakayekumbuka kwa nini.

Vifaa vingine tunavipitia kwa haraka. Glavu ziwe za kitambaa kilichochovywa mpira. Zile nyembamba za hospitali hupasuka kwenye kigae cha kwanza. Magunia yaliyofumwa hupitisha maji na mchanga na huoshwa yakatumika tena, na kwa hilo yanashinda mifuko ya plastiki. Koleo la kuokotea huokoa mgongo lakini ni la polepole kwa vipisi. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha. Pimeni gunia tupu kwanza, na kung'uteni mchanga kabla ya kupima. Sindano ina utaratibu wake: chombo kigumu chenye kifuniko kiwekwe chini karibu nayo, kisishikwe mkononi, na sindano itiwe kwa koleo, ncha ikitangulia. Fataki za ishara za meli, mapipa yaliyofungwa na chochote kinachofanana na silaha havisogezwi. Watu waondoke na mamlaka ziitwe.

Kwa punje za plastiki zilizo chini ya milimita 5, hakuna kati ya zana hizi tatu inayoweza kutegemewa, kwa sababu shida si kuziandika bali kuziona. Humo zimo punje za malighafi za viwandani, kama zile zilizojaa fukwe za Sri Lanka baada ya meli X-Press Pearl kuungua mwaka 2021. Kamati inayotaka kuzipima inahitaji fremu ya sentimita 50 kwa 50, chekecheke la milimita 5 na la milimita 1. Weka fremu kwenye mstari wa mwisho wa maji kujaa, chota sentimita 5 za juu, na utapata mchanga wa lita 12.5. Ukiwa umelowa hautapita chekecheke dogo. Ukausheni kwanza, au muupitishe kwa maji ya bahari yaliyochujwa. Kilichobaki kitieni kwenye maji yenye gramu 350 za chumvi kwa kila lita, korogeni, ngojeni yatulie, kisha muengue kinachoelea. Plastiki za polithini na polipropilini huelea hata kwenye maji yasiyo na chumvi, polistirini ngumu inahitaji chumvi hiyo, na PET (plastiki ya chupa za vinywaji) na PVC (ya mabomba) huzama vyovyote iwavyo. Ripoti iseme wazi kwamba hizo mbili hazimo.

Usafi wenyewe unaweza kudhuru. Mwani uliotupwa na maji ni chakula na kivuli cha vidudu vya mchangani, na ndege hula hapo. Okoteni plastiki iliyonasa ndani yake, mwani muuache. Trekta la kuchana mchanga tunalikataa kwa ufuo wa asili, na msimu wa kasa kutaga ni marufuku hata reki ya mkono kwenye mchanga mkavu wa juu. Kamba au wavu uliozama mchangani usivutwe kwa nguvu: katani sehemu iliyo wazi, ya chini muiandike na kuiacha hadi ijulikane kama kuna mayai.

Kwa usafi mkubwa wa Septemba wa International Coastal Cleanup, unaofanyika kwa kawaida Jumamosi ya tatu ya mwezi huo, au Siku ya Usafi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka Septemba 20, wagawieni wageni Clean Swell, simu moja kwa kundi, na muwaweke nje ya zile mita 100. Ndani ya mita 100 waingie watu wanaoijua fomu. Marine Debris Tracker apewe mtu mmoja anayetembea peke yake akiandika vitu vikubwa na midomo ya mifereji. Fomu zote zipigwe picha palepale ufuoni kabla hazijaingia kwenye mkoba wa mtu, na namba ziingizwe kwenye jedwali ndani ya wiki hiyo na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Jambo la mwisho, na ndilo lililotufanya tuiweke karatasi juu: sifuri. Programu huandika ulichogusa. Kisichoguswa hakijulikani kama hakikuwapo au hakikutafutwa. Kwenye karatasi, mwandishi anaweza kujaza 0 katika kila kisanduku kilichotafutwa kikakosa kitu. Mkiomba mirija ipigwe marufuku na ombi likakubaliwa, namba mtakayohitaji kuionyesha mwaka unaofuata ni hiyo, na kisanduku kitupu hakitakubaliwa badala yake.